Printa Ikigoma, Usimfukuze Mlinzi

Mdogo wangu wa Fedora, barua yako nimeisoma yote, hata ile sehemu uliyoandika kwa herufi kubwa. Umeishawishi ofisi ihamie Linux, kila mtu amezoea, halafu printa ya HP iliyokuwa ikichapa kila siku imegoma. Ukapakua HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP, kwenye tovuti ya watengenezaji wake badala ya kuichukua kwenye hazina ya Fedora. Katikati ya usakinishaji programu ikakuuliza: SELinux ipo kwenye kompyuta hii, niweke sera maalumu ya hplip? Ukabonyeza y, kama wengi wangebonyeza, maana swali lenyewe limekaa kiungwana. Yakafuata makosa juu ya aina iliyotangazwa mara mbili, kisha `semodule: Failed!`. Fundi uliyempigia simu amekwambia uzime SELinux, mambo yaishe. Unaniuliza kama amekushauri vizuri.

Hapana, mdogo wangu, usizime. Najua fundi hakukudanganya: ukizima, huenda printa ikachapa dakika hiyohiyo na bosi akaacha kukusimamia mgongoni. Ila tatizo lako halihitaji dawa kali kiasi hicho, na madhara ya dawa hiyo yataendelea wakati barua ya bosi imeshachapwa na kusahaulika. Nawaomba na ninyi wengine mkae tuongee, kwa sababu barua za namna hii zinanijia kutoka mashuleni, steshenari, saiba na zahanati, na karibu kila mwenye shida ameshapewa jibu hilohilo.

Tuanze na huyu SELinux anayelaumiwa. Ilitengenezwa na shirika la usalama la Marekani, NSA, ikatolewa hadharani Desemba 2000, na mwaka 2003 ikaingizwa rasmi kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6. Fedora na Red Hat huja nayo ikiwa imeshawashwa. Kazi yake ni kuweka mipaka hata kwa programu zinazoendeshwa na mtumiaji mkuu. Kwenye Linux ya kawaida root anaweza kila kitu. Chini ya SELinux, programu ya uchapaji, yaani cupsd, inaweza kuwa inaendeshwa na root na bado ikazuiwa kusoma faili za nyumbani kwako. Fikiria mlinzi wa getini mwenye daftari: haangalii kama mgeni ana cheo, anaangalia kama jina lake na chumba anachokiendea vimeandikwa pamoja. Kisichoandikwa hakipiti.

Mtu ataniuliza, printa nayo ina siri gani hadi iwekewe mlinzi? Tazama vinavyopita humo. Mitihani kabla ya siku ya mtihani, orodha ya mishahara, vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho, majibu ya maabara. Kwa mpangilio wa kawaida CUPS, yaani mfumo wa uchapaji wa Linux, huhifadhi faili ulilochapa ndani ya `/var/spool/cups` hadi siku nzima baada ya karatasi kutoka. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na mashine yenye hizo nyaraka ndiyo tunayoambiwa tuiache wazi ili barua moja ichapike.

Na hatari yenyewe si ya kufikirika. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza mlolongo wa kasoro kwenye programu za uchapaji za Linux. Programu moja inayoitwa cups-browsed, kazi yake kutafuta printa kwenye mtandao, ilikuwa inasikiliza kwenye mlango wa UDP namba 631 na kupokea ujumbe kutoka kwa yeyote. Mshambuliaji aliweza kutuma ujumbe, kompyuta ikamwongeza kama printa, na siku mtu akituma kazi kwenye printa hiyo ya uongo, amri za mshambuliaji zikatekelezwa humo ndani. Kasoro zimeshazibwa, na amri zenyewe zilikuwa zinaendeshwa na mtumiaji mdogo aitwaye lp, siyo root. Lakini fikiria mashine mbili zenye kasoro ileile, moja ina mipaka na nyingine mipaka yake ilizimwa mwaka juzi na fundi aliyekuwa na haraka. Kwenye ya kwanza mvamizi anajikuta amebanwa. Kwenye ya pili ana uwanja mpana.

Sasa turudi kwenye kosa lako. Fedora inakuja na sera iliyokamilika, na ndani yake kuna moduli ya uchapaji inayoitwa cups. Watunzaji wa sera za SELinux waliifikiria HPLIP zamani, na majina ya aina kama hplip_t yamo humo tayari. Programu uliyoipakua nayo ikaleta moduli yake inayotangaza jina hilohilo upya. SELinux haikubali aina moja itangazwe mara mbili, ikasitisha kila kitu. Ndiyo maana ya maneno `Re-declaration of type` uliyoyaona. Wala mfumo wako haujaharibika: moduli mpya ilikataliwa, sera ya zamani ikabaki kama ilivyokuwa. Sera mbili zimegombania jina, basi.

Kwa hiyo swali lile la y na n, kwenye distro (mfumo wa Linux kama Fedora) ambayo tayari inatunza sera yake, jibu n. Bora zaidi, usifike kwenye swali hilo. Ondoa ulichopakua, kisha `sudo dnf install hplip`, halafu `hp-setup`. Kifurushi cha Fedora kimetengenezwa kikijua sera ya Fedora: faili zinaenda mahali panapojulikana na zinapata lebo zake, yaani alama ambazo SELinux huzisoma. Ukichukua programu nje ya hazina ya distro yako, umeleta mgeni ambaye daftari halimjui, na kazi ya kumtambulisha inakuwa yako.

Nikuulize jambo lingine, ambalo kama ningekuwa ofisini kwako ningeanza nalo: printa yenyewe ni ipi? Printa nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji draiva hata kidogo. Apple ilianzisha AirPrint mwaka 2010, na kundi la watengenezaji wa printa, Printer Working Group, likaweka kiwango cha IPP Everywhere kwa nia hiyohiyo: printa ijieleze yenyewe, iseme inakubali karatasi gani na rangi gani, kompyuta iipelekee kazi kwa lugha ya pamoja. Ikiwa printa yako ina Wi-Fi na kwenye boksi lake imeandikwa AirPrint, huenda CUPS ikaiona bila wewe kusakinisha lolote. Ya kebo ya USB inayojua lugha hiyo inashughulikiwa na programu ndogo iitwayo ipp-usb, ambayo iko kwenye hazina za Fedora, Debian na Ubuntu. Andika `lpinfo -v` uone kinachoonekana. Ukiona anwani inayoanza na ipp, iongeze printa kwa kutumia `lpadmin` na maneno `-m everywhere`. Hakuna draiva ya kampuni, hakuna moduli ya sera, hakuna ugomvi. Na CUPS yenyewe inaelekea huko: toleo la 3 linaloandaliwa linaachana na draiva za mtindo wa zamani.

Kwa wenye Epson za L zilizojaa kwenye steshenari, draiva ya escpr imo kwenye hazina za distro kubwa. Msiipakue kwingine.

Lakini najua hali zetu. Steshenari nyingi bado zinaishi kwa LaserJet 1020 au P1102, mashine ngumu zisizokufa, na tona yake inajazwa pale mtaani. Hizo zinahitaji plagini ya HP ambayo msimbo wake umefungwa. Ile 1020 kila ukiiwasha inabidi ipelekewe upya programu yake ya ndani kutoka kwenye kompyuta, la sivyo inakaa kimya kama haipo. Mkinzano huu kati ya printa na uhuru wa mtumiaji ni wa zamani kuliko Linux yenyewe: Richard Stallman, akiwa maabara ya MIT mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliudhika aliponyimwa msimbo wa programu ya printa ya Xerox, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU.

Plagini hiyo unaipata kwa `hp-plugin`, na hapa nina mawili ya kukusisitizia. La kwanza, toleo la plagini lazima lilingane kabisa na toleo la hplip. Distro ikisasisha hplip usiku, asubuhi printa inaweza kugoma, na SELinux haihusiki wala haisikii. Rudia `hp-plugin`, kazi iendelee. La pili ni zito. Programu hiyo hukagua sahihi ya kidijitali ya faili ililopakua. Mtandao ukiyumba na ufunguo wa HP usipatikane, itakuuliza kama uendelee bila kuthibitisha. Jibu hapana. Subiri mtandao utulie, ujaribu tena. Faili hilo litafanya kazi ndani ya kompyuta inayopitisha mishahara ya watu, na hujui limetoka wapi mpaka sahihi yake isome sawasawa.

Tuseme sasa umeshasakinisha, kila kitu kimekubali, foleni inaonyesha kazi imepokelewa, halafu karatasi haitoki. Hapo ndipo watu wanaposhika swichi ya kuzima. Wewe shika kumbukumbu za mfumo. Jaribu kuchapa, na mara moja andika `sudo ausearch -m avc -ts recent`, inayokuletea makatazo ya dakika kumi zilizopita. Kama haikuleta chochote, kuna uwezekano mkubwa kwamba SELinux haina hatia, na shida ni kebo, tona, au draiva isiyo yake. Kama imeleta mstari, usiogope urefu wake. Tafuta vitu vinne tu. Neno la baada ya `denied` ni kitendo kilichokatazwa: kusoma, kuandika, kutekeleza. `comm` ni programu iliyoomba. `scontext` ni lebo ya muombaji, na kwa uchapaji mara nyingi utaona cupsd_t. `tcontext` ni lebo ya kitu kilichoombwa. Hapo umepata sentensi nzima: nani, alitaka kufanya nini, juu ya nini.

Sasa pima sentensi hiyo kama mtu mzima. Ukiona cupsd_t imekatazwa kusoma faili lenye lebo user_home_t, jiulize faili la printa limepataje lebo ya nyumbani kwako. Jibu karibu kila mara ni amri ya `mv`. Ulipakua faili la PPD (maelezo ya printa) au kichujio, likakaa kwenye folda yako ya vipakuliwa, ukalihamisha kwa `mv` hadi kwenye folda ya CUPS. Kuhamisha kwa `mv` kunaliacha faili na lebo yake ya zamani, wakati `cp` hulipa lebo ya mahali linapofika. Hapa huhitaji ruhusa mpya yoyote. Andika `sudo restorecon -Rv` ikifuatiwa na folda husika, na lebo zinarudi kama sera inavyotaka. Ukitaka kuhakikisha, `ls -Z` inakuonyesha lebo kabla na baada. Makosa mengi ninayoletewa yanaishia hapa, na inanisikitisha kwamba mtu amezima ulinzi wa mashine nzima kwa sababu ya faili moja lililovaa lebo ya chumba kingine.

Ukiona `execmem`, hilo ni jambo tofauti. Programu inataka sehemu ya kumbukumbu inayoandikika na papo hapo kutekelezwa, tabia ambayo wavamizi nao wanaipenda. Baadhi ya draiva za zamani za kampuni zinaidai. Sera ina swichi yake, `cups_execmem`, na unaweza kuiwasha kwa `sudo setsebool -P cups_execmem 1`. Mimi ningeiwasha kwa shingo upande, baada ya kuhakikisha kwamba njia isiyo na draiva imeshindikana. Lakini hata hiyo, ukilinganisha na kuzima kila kitu, umefungua dirisha moja unalolijua.

Na ukiona draiva ya printa inaomba kusoma shadow_t, ambako nywila za mfumo zimehifadhiwa, acha. Usiiruhusu na usiitetee. Iondoe, kisha uulize ilitoka wapi. Makatazo mengine ni kengele ya kweli, na mtu aliyezoea kuruhusu kila linalojitokeza hataisikia.

Hapo nigusie `audit2allow`, maana mafundi wengi wakishaacha kuzima hukimbilia huko, nayo ina mtego. Inasoma makatazo na kukutungia moduli inayoyaruhusu yote. Haijui lipi ni halali na lipi si halali, inaandika tu ilichoambiwa. Kwa hiyo kabla ya kuiingiza kwa `semodule -i`, fungua lile faili la .te usome. Ni maandishi mafupi, yanasomeka. Usilolielewa lifute, au niandikie.

Mtego wenyewe uko kwenye jina. Watu wanaandika `audit2allow -M cups`, kwa sababu shida ni ya CUPS. Usifanye hivyo kamwe. Moduli za distro zinakaa kwenye kipaumbele 100, na unazoingiza wewe kwa mkono zinakaa 400. Moduli mbili zikiwa na jina moja, yenye kipaumbele kikubwa ndiyo inayotumika, nyingine inafunikwa. Ukiingiza moduli yako yenye mistari mitatu ikiitwa cups, umejaribu kuifunika sera yote ya uchapaji ya Fedora, mamia ya kanuni zilizoandikwa na watu wanaoijua kazi. Ama itakataa na makosa yasiyoeleweka, ama uchapaji utavurugika zaidi ya ulivyokuwa. Iite jina lako, kwa mfano `printa_ofisi`. Ukitaka kujua nani aliwahi kuingiza nini kwenye mashine uliyorithi, `sudo semodule -lfull` inaorodhesha moduli zote na vipaumbele vyake. Za 400 ndizo za kuhoji. Isiyohitajika iondoe kwa `sudo semodule -X 400 -r` na jina lake.

Na kama bosi kweli amesimama mlangoni, watu wanasubiri risiti, huna muda wa kusoma kumbukumbu? Ipo njia ya katikati ambayo natamani kila fundi aijue: `sudo semanage permissive -a cupsd_t`. Amri hiyo inaiachia programu ya uchapaji peke yake ipite huku makosa yake yakiandikwa, na mashine iliyobaki inaendelea kulindwa kama kawaida. Chapa nyaraka zako. Jioni, ofisi ikitulia, soma yaliyoandikwa, rekebisha, kisha rudisha kwa `-d` badala ya `-a`. Weka kikumbusho kwenye simu, kwa maana lililoachwa kwa muda kwenye kompyuta za ofisi lina tabia ya kukaa miaka. Kuna wakati pia printa inagoma na kumbukumbu hazina kitu, ilhali unahisi SELinux inahusika: sera hunyamazia makatazo fulani ili kupunguza kelele. `sudo semodule -DB` huyafichua, na `sudo semodule -B` huyarudisha kwenye ukimya.

Ewe wa Mombasa mwenye saiba, wewe unatumia Ubuntu, kwa hiyo usijisumbue na amri za SELinux. Huko mlinzi ni AppArmor, na tabia yake ni nyingine. Yeye haangalii lebo. Anaangalia njia ya faili. Kwa hiyo `mv` na `cp` kwako hazina tofauti, kinachokuletea shida ni draiva inayoweka vitu vyake pembeni, mahali ambapo kanuni hazipataji, kisha CUPS inazuiwa kuvifikia. Andika `sudo journalctl -k | grep DENIED` utafute mstari wenye `profile="/usr/sbin/cupsd"`. Neno `name` kwenye mstari huo linakuonyesha faili lililonyimwa. Kama ni la draiva yako, ongeza njia hiyo kwenye `/etc/apparmor.d/local/usr.sbin.cupsd`, kwa mfano `/njia/ya/draiva/** r,` na hiyo koma ya mwisho usiisahau. Kisha `sudo apparmor_parser -r /etc/apparmor.d/usr.sbin.cupsd`. Faili hilo la local limewekwa makusudi kwa marekebisho yako, na sasisho la Ubuntu haliligusi. Yale maelekezo ya zamani ya Canon LBP uliyoyafuata, yanayokutaka uandike `aa-complain` na kuendelea na maisha, yanaiacha cupsd bila kizuizi hadi siku utakayokumbuka. Andika `sudo aa-status` sasa hivi uone kama bado iko hivyo, na uirudishe kwa `sudo aa-enforce /usr/sbin/cupsd`.

Nikuongezee, kwa kuwa wewe unachapia watu usiowajua: wanaoandika kanuni hizo za Ubuntu wamekiri humohumo ndani kwamba programu za kampuni za nje zinazopeleka kazi kwenye printa zimeachwa bila mipaka, kwa sababu mara nyingi zinadai mamlaka makubwa. Kwa hiyo AppArmor haitakukinga na draiva mbaya ya aina hiyo. Chanzo cha draiva ndicho kinga yako. Flashi aliyokuachia mteja na kukwambia draiva imo humo, mrudishie.

Na yule aliyeniandikia kwamba RPM ya draiva inakataliwa kwa sababu ya sahihi mbovu, shida yako si SELinux wala AppArmor. Draiva nyingi za kampuni zilitiwa sahihi miaka mingi iliyopita kwa SHA-1, mbinu ambayo leo haiaminiki tena. Red Hat toleo la 9, lililotoka 2022, linakataa sahihi za SHA-1 kwa mpangilio wake wa kawaida, na Fedora imekaza kamba vilevile. Umeshauriwa uandike `update-crypto-policies --set LEGACY`. Nakuomba usifanye. Amri hiyo haiishii kwenye draiva. Inalegeza masharti ya usimbaji kwa mashine yote, pamoja na miunganisho salama ya tovuti na SSH, yaani umelegeza mlango wa benki ili uingize kifurushi cha printa. Angalia kwanza kama kampuni imetoa toleo jipya lenye sahihi nzuri, au kama printa inachapa bila draiva. Ikishindikana kabisa, na una uhakika faili umelitoa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kisha umelinganisha alama yake ya SHA-256 na waliyoichapisha wao, ni afadhali umruhusu mgeni huyo mmoja kwa mara moja, sera ya mashine ibaki ilipo.

Nimalizie na wewe wa zahanati, ambaye unasema fundi alishaandika SELINUX=disabled muda mrefu uliopita na sasa unaogopa kuwasha. Woga wako una msingi, kwa sababu muda wote huo faili mpya zimekuwa zikizaliwa bila lebo, na ukiiwasha moja kwa moja kwa nguvu zote mashine inaweza isiwake vizuri. Fanya jioni, wagonjwa wakishaondoka, baada ya kuchukua nakala ya data. Fungua `/etc/selinux/config`, weka SELINUX=permissive. Kama fundi alipitia kwenye kerneli pia, ondoa neno lake kwa `sudo grubby --update-kernel ALL --remove-args selinux`. Kisha `sudo fixfiles -F onboot`, na uwashe mashine upya. Itapitia faili zote kuzivisha lebo. Diski ikiwa kubwa na ya zamani itachukua muda, na skrini itaonekana kama imeganda. Usikate umeme. Ikishawaka, iache katika hali hiyo ya kuonya kwa siku chache za kazi: chapeni, skanini, fungueni mfumo wa wagonjwa, fanyeni kila mnachofanya kwa kawaida. Makatazo yatakayoandikwa yapunguze moja moja kama nilivyoeleza kwa wa Fedora, ukianza na `restorecon`. Kumbukumbu zikiwa kimya, badilisha permissive iwe enforcing, washa upya, na uandike `getenforce`. Ikikujibu `Enforcing` na printa inachapa, mpigie yule fundi umwonyeshe ulivyofanya, kwa sababu kesho ataitwa zahanati nyingine.